Makopa Juu ya Mwamba

Anga lilipigwa marufuku siku ya Jumatano. Nasema Jumatano kwa mazoea tu, maana tangu vita vianze siku zetu zilikuwa zinakuja zinavyopenda zenyewe. Ijumaa iliweza kuja mara mbili ikafuatwa na Jumatatu, na hakuna aliyeuliza. Kuuliza siku ni kutaka kujua wakati, na wakati anautaka nani kama si mtu mwenye miadi na adui? Basi tukaishi hivyo, kama watu waliolala mchana wakaamka wasijue ni asubuhi au jioni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kusalimia ili ajue aitikie nini.

Amri yenyewe ilikuwa fupi. Mtu asiinue uso. Anayetazama juu anatazamana na aliye juu, na wawili wanaotazamana wana neno lao. Ndivyo alivyosema Mratibu wa Kamati ya Anga, mtu mpole mwenye viatu safi, aliyeletwa kwetu kutoka kule ambako watu huzika kimya. Tukainamisha vichwa. Tukaanza kujuana kwa miguu: huyu mwenye kisigino kilichopasuka ni fulani, yule mwenye kidole kilichopanda mwenzake ni fulani. Uso wa mtu ukawa kitu cha kukumbuka, kama uso wa marehemu.

Baada ya amri ya kwanza nyingine zilikuja zenyewe, maana amri ni kama panya, ukimwona mmoja ujue ukoo wake uko ndani. Kuku weupe walipakwa masizi. Mvua ikanyesha, masizi yakatoka, wenye kuku wakaitwa kujieleza. Nasi tukajipaka masizi usoni, ili tukisahau tukatazama juu tusing'ae. Wenye vipara waliambiwa wavae kofia. Kisima kilifunikwa mikeka kwa sababu maji yanameta. Nguo tukaanika ndani zikanuka uvundo, nasi tukanuka ndani yake. Aliyepepeta mtama uani aliulizwa zile pumba alikuwa anampelekea nani. Na kwenye ukuta wa ghala la mtama Kamati iliandika kwa chokaa, herufi ndefu kuliko mtu: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Nilitaka kuuliza kama chokaa ile haionekani kutoka juu, lakini mdomo huponza kichwa, nikanyamaza.

Na ndege yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona. Ungeionaje na uso uko chini? Tuliijua kwa kivuli chake. Kivuli kilikuja kwanza, kikapita juu ya paa, juu ya uwanja, juu ya mgongo wa mbuzi, na muungurumo ukaja nyuma umechelewa. Wengine walisema ni ndege moja, wengine walisema ni kundi. Adui ni nani, ametoka wapi, tumemkosea nini, hayo hayakusemwa. Nilikuwa nikijiuliza, na najiuliza hadi sasa: adui ambaye humjui uso utamtofautishaje na jirani? Jibu ninalo, ila silipendi. Humtofautishi. Unamtafuta karibu, kwa sababu jirani ana mlango wa kugonga na mbingu haina.

Mimi ni Somoe, mwanamke wa Kilima, kazi yangu makopa. Namenya muhogo, naupasua, nauanika juu ya mwamba mweusi ulio nyuma ya nyumba yangu. Mama yangu aliutumia mwamba huo, na mama yake kabla yake, mpaka jiwe limelainika kwa viganja vyetu. Nayapanga makopa mistari, kwa sababu yaliyopangwa mistari hugeuzwa upesi, na wingu likitokea huanuliwa upesi. Siri nyingine hakuna. Kamati haikunikataza. Kamati ilikuwa inakula ugali wa makopa yangu, na kitu unachokila mchana na jioni huchelewa kuwa ishara.

Halafu kivuli kilipita adhuhuri moja, na safari hiyo kiliacha kitu. Ghala la mtama lilipasuka. Zile herufi za chokaa ziliruka vipande vipande, na kipande kimoja nilikiokota kwenye bamia zangu, kimeandikwa sehemu ya neno ambayo peke yake haina maana yoyote. Ndani ya ghala alikuwamo mjomba wangu Lipande, mlinzi wake, mtu aliyependa kulala humo kwa sababu, alisema, mtama hautukani mtu. Nilimpenda sana mjomba Lipande. Ndiye aliyenifundisha kutukana vizuri. Nilipoona wanamtoa kwa mikeka miwili nilikaa chini palepale katika majivu, na sikumbuki nani aliniinua.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mimi sina kesi. Zamani watu wa Kilima na watu wa Bonde walipigana. Walipigania chumvi, wakachinjana mpaka hakuna aliyekumbuka chumvi yenyewe ilikuwa wapi. Walipochoka walikaa wakala chungu kimoja, wakaapa kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa ndimi tu. Ndio utani wetu. Mtu wa Bonde ni mateka wangu, nami ni mateka wake. Akija kwangu akakuta kuku, kuku huyo ni wake, siwezi kumkatalia. Nikifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuuigiza mwendo wake mpaka wanaolia wacheke. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mtani wako akikushtaki, usikane. Anayekana amekasirika, na aliyekasirika amerudisha vita. Unalikubali shtaka, unalitia chumvi, unamrudishia. Utani ni vita vilivyochoka kuua. Nilikuwa nimesahau kwamba aliyechoka akipumzika vya kutosha huamka.

Basi siku ya matanga ya mjomba, mtani wangu Chaurembo aliingia uani. Chaurembo wa Bonde, mrefu, mwembamba, mla kuku wangu tangu tukiwa wadogo. Alikuwa amevaa koti la mjomba, lile la kahawia lisilo na kifungo cha juu, mkono mmoja kiunoni, anachechemea upande kama mjomba alivyochechemea. Kwa kitambo sikujua nani amekufa. Miguu ilikuwa ya Chaurembo, mwendo wa Lipande, na uso sikuruhusiwa kuutazama.

"Enyi watu wa Kilima!" alipaza sauti. "Mnalia nini na mwenyewe mmekaa naye? Huyu hapa, Somoe! Huyu ndiye aliyeziita ndege. Hamwoni makopa yake? Mistari kapanga, mwamba kautandika, anawaonyesha wageni wake wa juu: karibuni, meza ipo tayari!"

Mabega yalianza kutikisika. Mwajabu, jirani yangu, ukuta wake na wangu ni mmoja, alikuwa ameshajaza khanga mdomoni.

Nilijua wajibu wangu. Nilifuta machozi, nikasimama.

"Ndiyo, mimi!" nilisema. "Mateka wangu kasema kweli. Niliwaita. Niliwaambia, shukeni, chakula tayari! Nikawaelekeza kwanza nyumbani kwa Chaurembo. Wakafika juu ya paa, wakanusa, wakasema hapa hatushuki, hawa wa Bonde walishakufa zamani, harufu imetutangulia. Ndipo wakautua mzigo kwa mjomba!"

Ua zima lilipasuka. Wazee waliobeba jeneza mazikoni walishikana mikono wasianguke. Mwajabu alianguka kabisa, akanilalia miguuni, khanga imemtoka mdomoni, analia na kucheka na kunipiga magoti kwa ngumi. Nilicheka mwenyewe huku machozi yananishuka, na kwa mara ya kwanza tangu ghala lipasuke nilivuta pumzi ikafika chini. Utani ni dawa, nakwambia, dawa inayochoma kabla ya kuponya.

Mratibu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hakucheka. Alimwinamia mtu wa karibu akauliza taratibu, "Yule mama amesema nini?" Na mtu yule, akijifuta machozi ya kicheko, alimweleza neno kwa neno. Hapo ndipo niliposhikwa. Utani haumo katika maneno. Umo katika nani anamwambia nani, na lini, na kwa sauti gani. Ukiyatoa maneno peke yake ukayabeba mkononi, unakuwa umebeba kisu bila mpini.

Kicheko hakiozi siku moja. Kwanza watu walisema, "Tulicheka sana msibani kwa Lipande." Halafu wakasema, "Lakini maneno yenyewe yalikuwa mazito." Halafu wakasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Hilo la mwisho nililisikia kisimani, nyuma yangu, kabla sijajua kwamba linanihusu. Nikageuka, nikaona miguu tu, mingi, imenyamaza. Tangu lini miguu ikanyamaza? Lakini ilinyamaza. Wakasema mistari ya makopa ikiwa mitatu maana yake ghala, ikiwa minne maana yake kisima. Wakasema kugeuza makopa ni kuwaambia walio juu kwamba habari imebadilika. Mmoja akadai alinisikia nikisema lugha ya ndege, na siku hiyo nilikuwa nawafukuza kuku. Uvumi haumwongopei mtu hata siku moja. Unamuuliza tu unaogopa nini, kisha unamletea.

Mwajabu alikuwa na desturi ya kuja kwangu kila asubuhi kuomba kaa la moto. Asubuhi moja hakuja. Asubuhi nyingine alipita mbele ya mlango wangu polepole, mkononi ameshika kiberiti, amekishika juu kidogo ili nikione. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya mafiga yangu nikaumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa tusi lolote maishani.

Nikaanza kuyaanika makopa ovyo. Niliyatupa juu ya mwamba kama mtu anayelisha kuku, nikarudi nyuma nikayatazama. Yalikuwa yamekaa kama mkono unaoelekeza. Nikayavuruga. Yakawa kama mtu anayekimbia. Nikayavuruga tena yakawa kama uso wa mjomba Lipande, na sikuthubutu kuyagusa tena siku hiyo. Hilo ndilo nililojifunza kwenye mwamba ule: ovyo haipo. Ukiwa na macho yanayotafuta, dunia haiwezi kukaa kimya. Jani likianguka limesema, lisipoanguka limeficha. Nilikuwa nauliza, je, kuna kitu kimoja tu chini ya jua ambacho ni chenyewe na si ishara ya kingine? Kama kipo, nikikipata, nitakipeleka mbele ya Kamati niseme: tazameni, hiki ni hiki. Nilitafuta. Nilishika kopa moja, nikalinusa, nikalitafuna. Lilikuwa muhogo. Lakini hilo nilikuwa nalijua mimi tu, na la mtu mmoja si ushahidi.

Je, kama ni mimi kweli?

Kama mkono unajua jambo ambalo kichwa hakijaambiwa? Mistari nilifundishwa na mama. Mama alifundishwa na bibi. Bibi je? Nani aliyesema mistari, asiseme duara? Labda ukoo wetu umekuwa ukisema neno moja juu ya mwamba huu, mama kwa binti, mama kwa binti, tangu kabla chuma hakijajua kuruka. Na sasa aliyeitwa ameitika.

Niliona aibu kwa mawazo hayo. Nikaenda kwenye pipa la maji kujitazama. Uso una masizi kama nyuso zote, na mwanamke yule sikumjua. Nikamuuliza, "Umewaita?" Akanyamaza. Nikafikiri: mtu asiye na hatia angejibu.

Waliniita adhuhuri, penye majivu ya ghala. Mji mzima ulisimama umeinama, visogo vimeelekea jua. Adhabu ya mwenye kuziita ndege ilikuwa inajulikana: hupelekwa machimboni ng'ambo ya mto, na huko watu hawarudi, hurudi nguo. Nilikuwa naogopa kufa, wala sikuona haya kuogopa.

"Mama Somoe," alisema Mratibu kwa upole wake, "ulisema kwa mdomo wako, mbele ya watu, kwamba ndege uliziita wewe. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Ahsante."

"Lakini ulikuwa utani, bwana. Chaurembo ni mtani wangu. Kila mtu hapa anajua."

"Sawa. Nimeelezwa. Mzaha ukisemwa, watu hucheka, hilo hata kwetu lipo." Aliugeukia umati. "Siku ile ulikuwa msiba wa mtu aliyeuawa na adui. Aliyecheka kwenye msiba huo alicheka pamoja na adui, na atakwenda machimboni kama wenzake. Haya. Nani alicheka?"

Upepo ulipeperusha majivu kidogo yakatua juu ya vidole vya watu.

"Bi Mwajabu. Ulikuwa umekaa karibu na huyu mama. Ulicheka?"

Niliitazama miguu ya Mwajabu. Mguu mmoja ulipanda juu ya mwingine, ukausugua, kama anavyofanya tangu tuko wasichana akibanwa na neno.

"Sikucheka, bwana," alisema. "Nilikuwa nalia. Nilijifunika khanga nikalia."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi sikio hili halisikii, bwana. Sikusikia hata la kuchekesha."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nje, kwenye kuni."

Akapita kwa kila mmoja. Wengine walikuwa nje, wengine walikuwa wanalia, wengine hawakuwepo kabisa ingawa chakula cha matanga walikila kwa mikono yao. Nilisimama nikisikia siku ile inafutwa mbele yangu, mtu baada ya mtu akitoka uani kwa mjomba na kuniachia hewa, mpaka nikabaki mimi peke yangu nimesimama katika kumbukumbu tupu, napiga kelele kwamba niliziita ndege. Na mlangoni Mratibu.

"Mzaha ambao hakuna aliyeucheka," alisema Mratibu, "si mzaha. Ni taarifa."

Wallahi nilitaka kumpigia makofi. Mtu aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua hata jina la mboga zetu, alikuwa ameupata mlango wa nyumba yetu na kuufunga kwa nje. Wawili walinishika mikono.

"Ngojeni," ilisema sauti. "Hilo kosa ni langu."

Miguu ya Chaurembo ilitoka katikati ya miguu ya watu. Alikuwa bado amevaa koti la mjomba. Kwa desturi lilikuwa lake sasa.

"Ulilifanya wewe?" aliuliza Mratibu.

"Sikusema nimelifanya. Nimesema ni langu. Nalichukua." Alikuja akasimama karibu yangu, nikasikia harufu ya koti, tumbaku ya mjomba na jasho la mtu mwingine. "Huyu mateka wangu, bwana. Kuku zake nimekula. Muhogo wake nimekula. Sufuria lake kubwa liko kwangu mpaka leo, muulize. Hajanikatalia hata siku moja. Leo nimepita nimekuta ana kosa. Nimelipenda. Nalichukua."

Mahali fulani bega moja lilitikisika, likatulizwa.

Mratibu aliugeukia umati. "Hiyo ni sheria yenu?"

"Ndiyo, bwana," alijibu mzee yule asiyesikia. "Mtani akichukua, kimechukuliwa."

"Kamati ina kosa moja," alisema Mratibu. "Inahitaji mwenye kosa mmoja. Ni yupi, ni shauri lenu." Kisha akanigeukia. "Mama, unakubali lichukuliwe?"

Hapo nikajua kwamba kosa halina jina, lina njaa tu, na shingo yoyote inalitosha. Nilifungua mdomo niseme hapana. Lakini kumkatalia mtani ni kuvunja chungu kile walichokila wazee wetu, na Chaurembo alilijua hilo alipotoka katika umati. Alikuwa amenifunga kwa kamba yetu wenyewe. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Jumatano ile. Aliinua uso, akanitazama. Alikuwa amezeeka. Masizi yalikuwa yamekauka katika mikunjo ya macho yake, na macho yenyewe yalikuwa yanangoja, kama yanavyongoja ya mtu aliyerusha mpira. Nilikuwa nimwombe radhi, nimshukuru, nipige magoti. Vyote vingeuvunja utani, naye angekufa bure. Kulikuwa na jibu moja tu.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Mwizi mkubwa wa Bonde! Kuku hawakukutosha, sufuria halikukutosha, sasa unaiba hata kosa la mwanamke mjane? Nenda nalo! Nenda nalo likukwame kooni!"

"Nitalila kwa chumvi," alisema Chaurembo. "Makopa yako mwaka huu mabovu, Somoe. Yana mchanga."

Akacheka. Alicheka peke yake njia nzima hadi mtoni, na hakuna aliyemwitikia. Kicheko cha mtu mmoja kinatisha. Kilipokatika, watu walitawanyika wakiangalia chini, wakisema, "Mnaona? Hata yeye amekubali."

Koti lilirudi. Lilikunjwa vizuri, limewekwa juu ya jiwe karibu na kivuko. Ndugu zake wa Bonde walisema kwa kuwa mwili haupo, watazika koti. Mratibu aliruhusu, mradi pasiwe na sauti. Kaburi nilichimba mimi. Ni kazi ya mtani. Watu wa Kilima wengine walipaswa kunisaidia, lakini walikuja wakasimama mbali na majembe yao, wakinitazama mikono kuona nachimba kwa mstari au kwa duara.

Walipolileta koti nililichukua nikalivaa. Hakuna aliyenizuia, nguo ya marehemu ni ya mtani. Nikashuka kaburini, nikalala chali. Hiyo nayo ni haki yetu ya zamani: mtani hulala katika kaburi na hatoki mpaka apewe anachotaka. Siku zilichanganyika kabisa pale chini. Sikujua kama nimelala kwa mjomba Lipande, au kwa Chaurembo, au pangu mwenyewe, kwa kuwa koti lilikuwa limetuvaa sote watatu na halikujali. Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Na juu yangu, kwa sababu mtu aliyelala chali kaburini hana pengine pa kutazama na hata Kamati haikufikiria kulikataza hilo, palikuwa na anga.

Nilikuwa nimelisahau. Lilikuwa la buluu mpaka linatia hasira. Lilikuwa halina neno lolote lililoandikwa.

Halafu kivuli kikaja. Nilisikia watu wa ukingoni wanajikunyata. Nami nikaitazama ndege, mtu wa kwanza mjini kwetu. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa juu mno, haizidi punje ya mtama, inakwenda zake kwa mstari ulionyooka kutoka mahali kwenda mahali, na sisi hatumo katika safari yake. Kutoka kule mwamba wangu hauonekani. Kutoka kule hata mji hauonekani. Chochote ilichotuangushia ilikiangusha kama mtu atemavyo kokwa njiani, bila kuuliza limemwangukia nani. Nikamlilia Chaurembo kimya kimya, machozi yakiingia masikioni. Alikuwa ameiba kosa ambalo halikuwepo, na limemuua vilevile.

"Toka, mtani," alisema mdogo wake Chaurembo kutoka juu. "Sema unachotaka, tukupe, utoke."

"Nataka mtu mmoja acheke," nilisema.

Nilisikia viatu vya Mratibu vinasogea ukingoni, vikasimama. Niliviona, visafi, na juu yake suruali, na juu yake kidevu kilichoinama.

Nikanyoosha mkono wa koti, mrefu kuliko mkono wangu, nikaipungia ndege.

"Shukeni!" niliita. "Chakula tayari! Shukeni mwone mambo ya watu wa Bonde! Mtu anazikwa leo, watu wote wamefika, yeye mwenyewe hajaja! Mchoyo tangu utoto, hata maiti yake katunyima!"

Punje ya mtama ilifika ukingo wa kaburi ikapotea. Muungurumo ukapita juu yetu umechelewa, ukafifia, na baada yake palikuwa kimya hata nikasikia chembe za udongo zikinidondokea kifuani.

Kisha kitu kikakwama kwenye koo la mtu. Kilikuwa kama kikohozi kilichozuiwa, kikazuiwa tena, kikavuja puani. Nilikijua. Nilikijua tangu tuko wasichana. Kilipasuka chote kwa mara moja, kikubwa, cha kukwaruza, khanga imeshamtoka mdomoni, na juu ya ukingo nikaona mguu mmoja unapanda mwingine na kuusugua.

"Nani amecheka?" aliuliza Mratibu.

"Mimi," alisema Mwajabu. "Na siku ile nilicheka pia."

Nilikuwa nimelipwa. Nikanyoosha mkono anivute.